Mechi Nzima

Mimi ndiye mpiga video.
Mpira huu siujui. Ujana wangu niliumalizia kwenye ule mwingine,
wa kofia ngumu na kugongana mabega,
ulioniachia goti linalotabiri theluji kuliko redio.
Lakini binti yangu ni golikipa,
na golikipa anayetaka chuo sharti aonekane,
na huku kwetu, magharibi mwa Nebraska,
nani atamwona zaidi ya mahindi?

Nikanunua stendi ya kamera,
nikaifunga kwenye uzio kwa kamba ya marobota.

Majira yote ya baridi Lida alikata na kuunga:
hapa anapangua, hapa anatokea kwa ngumi,
hapa amelala hewani kama shati lililoanikwa.
Dakika tatu na sekunde kumi na moja
za msichana asiyefungwa.
Akazituma kwa makocha arobaini na wawili,
kila barua na jina lake, kila jina akilikagua mara mbili.
Wengi kimya.
Waliojibu walijibu kama waliokaririshwa darasa moja:
tunashukuru kwa kupendezwa na timu yetu.

Mmoja tu, wa chuo kidogo cha Dakota Kusini,
aliandika mwenyewe:
Vipande nimeviona.
Nitumie mechi nzima. Uliyofungwa.

Tunayo. Ya Oktoba, ugenini,
mvua iliyochanganyika na barafu, manne kwa bila.
Tukaiwasha jikoni. Mama yake, katoka zamu ya usiku,
alikuwa amesinzia na kijiko mkononi.
La kwanza. La pili.
La tatu likampita katikati ya miguu, taratibu,
kama paka anayeingia ndani bila hodi.
Na hapo, nyuma ya picha, karibu kuliko upepo,
sauti ya mwanamume:
"Hawezi, Merle. Hebu mtazame. Mtoto huyu hawezi."

Sikukumbuka kuyasema.
Kamera ilikumbuka.

Ulimi hauna mfupa, husemwa,
ila usiku ule wangu ulinikwama kooni kama wenye miba.
Nikanyoosha mkono nizime sauti. Akaushika.
"Acha, Baba. Angalia sasa."

Kwenye kioo, msichana wa matope
anauokota mpira wavuni, anaupangusa kifuani,
anautupa katikati ya uwanja.
Anawageukia mabeki wake; wawili wanalia.
Anawapanga kwa mkono, mmoja mmoja,
kama mtu apangaye viti msibani.
"Kushoto, Brynn! Kushoto kwako!"
mpaka sauti inamkauka,
na la nne linaingia hata hivyo,
na anapanga tena.

Nilikuwepo. Nililipa dola nne mlangoni,
nikasimama dakika tisini kwenye baridi
na hilo sikuliona.

"Niikate sauti yako?"
Nilifikiri sana. Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Nikasema usikate,
wajue nyuma ya uzio alikuwa na baba wa namna gani.
Akacheka kidogo, puani, akabonyeza.

Intaneti yetu hupanda kama trekta bovu mlimani.
Ilipofika asilimia sitini na nane nikaenda kulala.
Yeye alibaki, kidevu juu ya magoti,
kana kwamba akiondoka itarudi nyuma.

Alfajiri mlio ukaniamsha: du. Kimya. Du.
Mpira kwenye ghala la chuma. Mahindi tumeshayauza,
hivyo kila pigo linavuma ndani kwa ndani
hadi kwenye vikombe vya kabatini.
Nikapita jikoni. Kompyuta bado ilikuwa imewaka;
sikuitazama.
Nikavaa buti. Goti lilikuwa linasema theluji.

Alikuwa amechora goli kwa chaki kwenye bati,
glavu zimechakaa kwenye vidole vya kati.
"Piga," akasema. "Na usinionee huruma."

Nikarudi nyuma hatua tano, nikakimbia, nikapiga kwa nguvu zangu zote.
Mpira ukaenda kwa kuku.